Nungunungu Alivyopandisha Joto Mlimani

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo ameitika kama ana kiazi mdomoni? Tena. Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo sawa. Na nyie wakubwa mliosimama mlangoni, kaeni chini, msijifanye mmekuja kuchukua watoto.

Hapo zamani za kale, zile za wanyama kuamkiana asubuhi na kuulizana hali, palikuwa na kilima kikiitwa Mzizimo. Mchana jua lake, waa! Mjusi anatembea kwa ncha za vidole. Jua likitua tu, baridi, ziii! Fisi anaacha kucheka, maana meno yanagongana.

Juu kabisa kileleni alikaa Mzee Tembo. Yeye ndiye alikuwa na jiko. Jiko moja, la kilima kizima. Tembo aliangusha miti, akaikokota, akaiwasha. Ikifika jioni, kaa la moto linawekwa kwenye kigae, kigae kinapita mkono kwa mkono, kinashuka, kinashuka, kinashuka, hadi bondeni. Kila nyumba inapata kaa lake. Njia hiyo waliiita Njia ya Moto. Ilikuwa nyembamba kama mkia wa panya. Miiba huku, miiba kule. Na ilikuwa na sheria moja tu: moto hushuka, haupandi.

Mlinzi wa njia alikuwa Ngiri. Ukimwuliza, "Ngiri, kwa nini moto haupandi?" anajibu, "Babu yangu alisema." Ukimwuliza, "Na babu yako alisema kwa nini?" anasimamisha mkia, anakupa kisogo.

Sasa mimi sitaki kusengenya watu. Lakini walionong'ona walinong'ona hivi: huko nyuma, mmoja alikuwa anapanda na moto, mwingine anashuka na moto, wakakutana katikati. Nipishe. Nipishe wewe. Mimi mkubwa. Mimi nina haraka. Hakuna aliyempisha mwenzake, wakaunguzana ndevu. Basi badala ya kupanua njia, wakakataza kupanda. Mmeona akili hiyo?

Haya. Karibu na kilele, upande wa kivuli, aliishi Bi Nungunungu. Mjane, hana mtoto. Miiba mgongoni, miiba mkiani, hata salamu yake watu waliipokea kwa mbali. Aliyekuwa hamwogopi ni mmoja tu, Kanga. Kanga na mdomo wake! Kuanzia asubuhi, kere-kere-kere, fulani kafanya hivi, fulani kaolewa, fulani karudi kwao. Nungunungu anasikiliza, anacheka, miiba inatikisika, chaka-chaka. Mashoga wa kufa na kuzikana.

Siku moja tai akashuka. Fyuu! Bi Nungunungu alikuwa anakuja kuomba chumvi. Akakuta manyoya yanapepea, na kwenye nyasi mayai manne, bado yana joto la mama yao.

Akasimama. Akayatazama. Machozi yakamtoka, tii, tii.

"Shoga yangu," akasema, "kazi umeniachia. Na umbo langu unalijua."

Akayabeba moja moja mpaka kwake. Akajikunja, akashusha tumbo polepole. Miiba ikafumuka, chakacha! Yai likabingirika mpaka mlangoni. Akajaribu kwa ubavu. Chakacha! Akajaribu kwa kinyumenyume, na hapo ndipo Ngiri akawa anapita.

"Bi Nungunungu, unatotoa au unatoboa?"

"Pita, Ngiri. Pita uende zako."

"Nakuuliza tu. Maana hao wakitoka, watatoka wameshadungwa sindano zote."

Akaenda zake anacheka, mkia juu.

Bi Nungunungu hakukata tamaa. Mchana aliyatandika mayai juani, anayageuza, anayahesabu, anayasimulia habari za mama yao. Jioni kaa la Tembo likishuka, analifukia kwenye jivu, anayapanga mayai pembeni, si karibu yakaiva, si mbali yakapoa. Kisha anatega sikio. Ndani ya yai anasikia, tik. Anatabasamu peke yake. Tik. "Nimekusikia, mwanangu."

Lakini msitu wa Mzizimo ulikuwa unaisha. Tembo anaangusha, anawasha, anaangusha, anawasha. Mti unachukua miaka kukua, jioni inakuja kila siku. Kaa lililokuwa kama ngumi ya nyani likawa kama ndimu. Likawa kama njugu. Na jioni moja, kigae kikaja kitupu.

Bi Nungunungu akakipindua. Jivu tu, fuu.

Akayazungushia mayai nyasi. Akayapulizia pumzi yake, huu, huu, huu, mpaka midomo ikamkauka. Kulipokucha akatega sikio. Kimya. Akatega tena. Tik. Kwa mbali sana, kama mtu anayebisha hodi huku anaondoka.

"Hapana," akasema. "Hamwendi popote."

Akayaweka juani, akamwomba mjusi ayaangalie, akashuka bondeni. Hakupita Njia ya Moto. Mwenye kuteremka bila kigae alipita pembeni, kwenye miiba, na yeye miiba ilimwogopa.

Bondeni kwenye majabali ndiko alikokaa Bwana Pimbi na ukoo wake. Wamelala juu ya mwamba, tumbo wazi, kama nguo zilizoanikwa.

"Hodi, Bwana Pimbi."

"Karibu, karibu. Ila usiniegemee."

"Habari za huku?"

"Nzuri. Joto tu ndilo linatusumbua."

Bi Nungunungu nusura akae chini. "Linawasumbua?"

"We acha! Mchana kutwa mwamba unapikwa. Sasa hivi jua linatua, haya, weka mkono hapo."

Akaweka. Uwii! Jiwe lilikuwa la moto kama chungu kilichoipuliwa sasa hivi.

"Na jioni mnalifanyia nini joto lote hili?"

"Tunalifanyia nini? Linaondoka lenyewe."

"Linakwenda wapi?"

"Nitajuaje, dada yangu? Sijawahi kulisindikiza."

Bi Nungunungu akaomba jiwe moja. Pimbi akampa, hata hakugeuka. Akalishika kifuani, akapanda nalo kwenye miiba, mbio mbio, huku anahema. Kufika nyumbani, jiwe baridi kama ulimi wa chura.

Akayapulizia mayai pumzi tena, kisha akakaa mbele ya jiko lake lililozimika. Akatazama jivu. Toka alipokuwa msichana alifukia kaa kwenye jivu, na asubuhi akifukua, kaa lile pale, jekundu, linamwamkia. Basi kama jivu linaweza kutunza kaa, litashindwa kutunza jiwe?

Kesho yake akashuka tena na chungu chake, ndani kimejaa jivu. Akachagua jiwe lililokunywa jua mchana mzima. Akalizika jivuni, akafunika kwa nyasi kavu, akabana kwa udongo. Safari hii hakutaka miiba, maana miiba ingepindua chungu, na kukizunguka kilima ni mbali mno. Akaingia Njia ya Moto. Katikati, huyo hapo Ngiri.

"Simama! Unapandisha nini?"

"Jiwe."

"Jiwe la moto au la baridi?"

"Jiwe ni jiwe, bwana."

Ngiri akapenyeza pua kwenye jivu. Psss! "Yalaa! Pua yangu!" Akarukaruka, akazunguka, akasimama tena palepale. "Hilo lina moto ndani. Moto hushuka, haupandi."

"Ngiri, jua linatua. Nina mayai."

"Babu yangu alisema."

"Babu yako alijua habari za mayai haya?"

Ngiri akashusha mkia. Akaangalia chini. Akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, mimi nimewekwa tu. Nenda kamwone Mzee Tembo. Chungu kiache hapa."

Bi Nungunungu akapanda mikono mitupu. Alishapanga maneno ya kumwambia Tembo, makali, marefu, moja baada ya jingine. Kufika kileleni, yote yakamkauka mdomoni.

Jiko la Tembo lilikuwa limekufa. Jivu jeupe. Na Tembo amesimama peke yake, amejikunjia masikio kama mwenye kujifunika shuka fupi. Anatetemeka, mpaka kokoto zinaporomoka mlimani, kroo-kroo-kroo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti."

"Jiko limezimika?"

"Limezimika. Kaa la mwisho nilimshushia Swala. Amejifungua."

"Na wewe je?"

"Mimi nina ngozi nene," akasema Tembo, na kokoto zikaporomoka tena.

"Mbona hukutuambia?"

Tembo akatazama mbali. "Niwaambie nini? Tembo mwenye moto ni Mzee Tembo. Asiye na moto ni kichuguu tu kimekaa juu ya kilima. Nani atapanda kuja kukiamkia?"

Bi Nungunungu akamsogelea. Akalaza miiba yake yote, mmoja mmoja, isimchome, akasimama ubavuni pake.

"Mzee, joto lipo. Liko bondeni, linamwagika kila siku. Jivu linaweza kulitunza, nimeshajaribu. Kinachokosekana ni njia."

"Basi mmeshapata joto lenu. Mimi wa nini tena?"

"Njia hiyo ni nyembamba, Mzee. Nani ataipanua? Mimi? Pimbi? Pimbi akisukuma jiwe, jiwe linamwuliza, 'Umesema?'"

Tembo akajaribu kujizuia. Mkonga ukatikisika, tumbo likatikisika, kicheko kikatoka, hoo-hoo-hoo! Nyani waliosikia huko chini wakaulizana, "Mzee kapatwa na nini leo?"

Tembo akashuka. Kra! Miiba ya kulia. Kra! Miiba ya kushoto. Gudum! Jiwe la njiani likaenda zake. Akamkuta Ngiri amekaa, amekumbatia chungu cha Bi Nungunungu kwa miguu yote minne, amefumba macho kwa raha. Ngiri akashtuka, akasimama wima.

"Mzee, sheria inasema..."

"Sheria ilikuwa ya kwetu. Nimeikanyaga hapo nyuma, kama unaitaka kaiokote. Sogea."

Bi Nungunungu akachukua chungu chake, akapanda nacho nyumbani. Akafukua jivu mbele ya mayai. Jiwe lilikuwa bado na joto! Si la kuunguza kama kaa, bali la polepole, la kubembeleza, kama mgongo wa mtoto aliyelala. Akayapanga mayai kulizunguka. Akatega sikio. Tik. Tik-tik.

Toka siku hiyo Mzizimo ukageuka. Kila nyumba ikachimba shimo, ikalijengea mawe, ikalijaza jivu, ikalifunika. Njia ikawa pana, wawili wanapishana bila kugusana. Tena Tembo akachana vijia vya pembeni, kutoka nyumba hadi nyumba, kama uzi wa buibui. Wa upande wa mawio wana mawe ya moto asubuhi, wanawapelekea wa machweo. Wa machweo wana mawe ya moto jioni, wanarudisha fadhila. Na kileleni, mahali pa jiko la zamani, Tembo akachimba shimo kubwa kuliko yote, akatia mawe ya kukalia watu kumi. Ukitaka kumwona akifurahi, nenda kamwombe jiwe.

Na wakawa na wito wao. Aliyepungukiwa anatoka mlangoni anaimba:

"Jioni imeingia, nani ana joto?"

Na mwenye nalo anaitika:

"Ninalo, ninaleta, nipisheni njiani!"

Haya na nyie itikieni. Nani ana joto? Ninalo, ninaleta! Hivyo hivyo.

Aliyenuna alikuwa mmoja, Pimbi. "Mawe yangu yanaisha!"

"Si ulisema yanakusumbua?" akamwuliza Bi Nungunungu.

"Yalinisumbua yakiwa hapa. Yakiondoka yananiuma."

Mchoyo ndivyo alivyo, watoto. Kitu alichokuwa anakitupa, ukikiokota anakililia. Basi Pimbi akafanya siri. Akachimba shimo refu nyuma ya nyumba, akaficha humo mawe yake mazuri, yaliyokunywa jua zaidi, akaweka jivu, akaweka udongo, akatandika mkeka, akaulalia.

Ukaja msimu wa ukungu. Ukungu mzito, kama uji. Jua halionekani. Siku ya kwanza mashimo yakatoa joto, watu wakajisifu. Siku ya pili mashimo yakapungua, watu wakaangaliana. Tembo akagawa lile shimo lake kubwa, akagawa, akagawa, mpaka mkonga ukagusa chini.

Na siku hiyo hiyo ndipo mayai yakaanza kupasuka.

Tik. Tik. Krak! Mdomo mdogo ukachungulia. Krak! Mwingine. Bi Nungunungu akasogea karibu. Kifaranga akitoka ametota, ni kama uzi uliolowa maji, baridi kidogo inamchukua. Akagusa jiwe lake. Vuguvugu. Akagusa tena. Linapoa, linapoa.

Akatoka mlangoni, akaimba:

"Jioni imeingia, nani ana joto?"

Kimya.

"Sina, shoga," akaitika Swala kutoka ukunguni. "Nimemwekea mtoto la mwisho."

"Hatuna, bibi," wakaitika nyani.

Kila nyumba iliyokuwa haina iliupokea wito ikaupeleka chini. Nani ana joto? Nani ana joto? Nani ana joto? Ukashuka, ukashuka, hadi bondeni. Ukafika mlangoni kwa Pimbi.

Pimbi huyo. Amelala juu ya mkeka wake, anajifanya anakoroma.

Mkewe akamtazama. Nyie wanaume hapo mnajua mke anavyotazama.

"Baba Nanihii," akasema, "mbona mgongo wako unatoa jasho na dunia yote imeganda?"

"Nina homa."

"Na mkeka nao una homa?"

Nje wito ukaja tena, mdogo, umechoka. Nani ana joto? Na watoto wa Pimbi, ambao wimbo ule waliupenda na hawakujua siri ya baba yao, wakaitikia kwa nguvu zao zote, "Ninalo, ninaleta, nipisheni njiani!" Kisha wakamgeukia baba yao. Wamekwisha kuahidi. Macho yote kwake.

Pimbi akakaa. Akajikuna. Akaviringisha mkeka.

"Chukueni," akasema. "Chukueni yote, kabla sijabadili mawazo. Na msinishukuru, nitaona aibu."

Jiwe likatoka, hilo, na jivu lake na chungu chake! Mkono kwa mkono, likapanda. Pimbi kwa sungura, sungura kwa nyani, nyani kwa Swala. Pale penye mwinuko mkali nani akalipokea? Ngiri. Akalibeba kwa meno yake yaliyopinda, mkia juu kama bendera, mbio, kwata-kwata-kwata, anapandisha moto mlimani kwa miguu yake mwenyewe, huku anapiga kelele, "Nipisheni! Nipisheni! Babu yangu anisamehe, nipisheni!"

Akaingia kwa Bi Nungunungu bila hodi. Akafukua jivu. Joto likajaa nyumba, fuuu.

Krak! Krak! Krak! Krak! Wakatoka wote wanne. Wakakauka, wakavimba manyoya, wakawa mipira ya sufi yenye miguu. Wakafumbua macho. Na cha kwanza walichokiona ni uso wa Ngiri. Ule uso, jamani. Vinundu vyake, meno yake, tope lake.

"Mama!" wakasema.

Ngiri akageuka nyuma kutazama nani anaitwa.

"Mama! Mama! Mama!" Wakamvamia miguuni.

Bi Nungunungu alikuwa amesimama ukutani, amejibana, amelaza miiba. Alifurahi, na alichomwa, vyote kwa pamoja. Akasema moyoni, hewala, wapo hai, hilo ndilo nililolitaka. Wamwite wamtakaye.

Ngiri naye macho yalikuwa yamemjaa machozi. Hakuna aliyewahi kumwita chochote kizuri. Angeweza kunyamaza, akabaki nalo jina hilo tamu. Akapiga magoti, maana ngiri hupiga magoti, akawaambia:

"Mimi nimeleta jiwe tu. Mama yenu yule pale."

Vifaranga wakatazama.

"Yule mwenye sindano?"

"Ndiye."

Wakafikiri. Kisha wakaenda, pi-pi-pi-pi, wakazunguka miiba, wakachungulia chini, wakakuta tumbo lake laini, wakaingia wote wanne. Miiba ikasimama huku na huku kama uzio, hata tai asingethubutu kusogea.

Bi Nungunungu hakujitikisa hata kidogo. Pumzi aliivuta robo robo.

Basi wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili: mkipata kingi mchana, tunzeni cha jioni, na njia baina yenu iwe ya kwenda na kurudi, maana leo anayepokea ni wewe, kesho anayeleta ni wewe.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Bi Nungunungu. Tutoke kwa kunyata, asije akacheka akawaamsha watoto.